Mwenyekiti wa tawi letu, mkewe ndiye mwenye kantini

MJOMBA WA KAZINI: Barua za wasomaji

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nafanya kazi kiwandani hapa Morogoro, idara ya kufungasha, huu mwaka wa tisa. Kwenye tawi la chama cha wafanyakazi ni mjumbe wa kamati, nimeingia kwa upande wa wanawake. Kiwanda sikitaji na chama sikitaji, ukisoma utaelewa kwa nini.

Mkataba wetu wa hali bora, ule wa mishahara na masharti ya kazi kati ya chama na mwajiri, unaisha mwaka huu. Timu ya majadiliano ina watu watano, nami nimo. Tulipozunguka kwenye idara kukusanya maoni, karibu kila mtu alizungumzia chakula. Kwa sasa mwajiri anamlipa mzabuni wa kantini kwa kila sahani, sisi tunakula kwa kuponi. Ni ugali maharage, kesho wali maharage, na siku ya nyama unaitafuta nyama kwa tochi. Zamu ya usiku wanakuta kiporo. Watu wanataka posho ya chakula iingie kwenye mshahara, kila mmoja ajue mwenyewe atakula nini, maana mama lishe wamejaa nje ya geti. Tukaandika kwenye rasimu, kipengele cha saba.

Kikao cha kwanza na menejimenti, tulipofika kipengele cha saba mwenyekiti wetu akasema, "Hicho tumekiondoa." Sisi wanne tukatazamana. Tulipotoka nje akatuambia tukiwabana kwenye chakula tutakosa nyongeza ya mshahara, tumwachie yeye. Nikamwamini. Huyu mtu namwita Kaka, Mjomba, na ninamaanisha. Wenzetu watatu walipofukuzwa kwa kukataa kuunganisha zamu mbili, yeye ndiye aliyehangaika nao CMA, kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mpaka wakarudishwa kazini. Mwanangu alipolazwa alikuja wodini usiku na mchango wa tawi mkononi.

Sasa juzi, kwenye kikao cha harusi, nimekaa na dada mmoja anayefanya uhasibu kwenye hiyo kampuni ya kantini. Akijua mimi na Kaka tunaelewana, akaanza kumsifia bosi wake. Bosi wake ni mke wa Kaka. Zabuni waliipata miezi michache baada ya Kaka kuchaguliwa mwenyekiti. Nilikaa pale sisikii tena michango inayotajwa.

Na kuna jambo lingine, Mjomba. Mdogo wangu wa kiume alikaa muda mrefu bila kazi. Nikamlilia Kaka, akampatia kazi ya stoo, kwenye kantini hiyo hiyo. Ana miezi minne. Wakati ule nilidhani Kaka anafahamiana tu na mzabuni.

Nimemdokeza mjumbe mwenzangu mmoja, akaniambia funika kombe mwanaharamu apite. Mwingine anataka nirushe kwenye grupu la WhatsApp la tawi. Mume wangu anasema niende Takukuru. Wapo pia watakaosema nautaka uenyekiti, maana uchaguzi ni mwakani. Na sitakudanganya, watu wameniambia nigombee na sijawakatalia. Kikao kingine na menejimenti ni baada ya wiki mbili. Je, Kaka ana kosa? Nikinyamaza, nami nina kosa? Na nifanye nini mdogo wangu asirudi kukaa kibarazani?

Mjumbe, Morogoro (jina tunalo)

*

Marahaba, mpwa wangu.

Katika uliyoniandikia sijaona wizi. Rushwa nayo sijaiona, kwa hayo unayoyajua mpaka leo. Watu watakusukuma utafute ushahidi wa kimoja kati ya hivyo viwili, nawe utamaliza mwaka ukihesabu vipande vya nyama. Huna haja. Jambo lako limekamilika hivyo lilivyo: mtu aliyetumwa na wafanyakazi kwenda kudai posho ya chakula analala nyumba moja na mtu ambaye, posho hiyo ikipatikana, biashara yake inafungwa. Hata kama kantini ingekuwa inatoa pilau kila siku, bado asingestahili kukaa kwenye kiti kile kipengele cha saba kinapojadiliwa.

Inawezekana kabisa Kaka anaamini anachokisema. Hoja ya kutetea kantini ipo, nami nimeisikia kwa watu wasio na hata sufuria ya kuuza: posho ikishachanganyika na mshahara inakwenda kwenye ada na kodi ya nyumba, mtu anaingia zamu ya usiku na chai ya rangi tumboni, saa tisa usiku mkono unaingia kwenye mashine. Ni hoja nzito. Lakini mwamba ngoma huvutia kwake, na mara nyingi anayevuta hajisikii akivuta. Hoja hiyo ikitoka kwa Kaka hamuwezi kujua aliyesema ni mwenyekiti au ni mume wa mzabuni, na sidhani kama mwenyewe anajua. Hiyo ndiyo hasara yake. Imewaharibia hata hoja nzuri.

Kwa hiyo ukiniuliza kama ana kosa, kosa lake ni kunyamaza, na kukifuta kipengele ambacho ninyi wanne hamkukifuta. Hili la pili usilipite haraka. Rasimu ilitokana na maoni ya wanachama. Mwenyekiti hana mamlaka ya kuifuta mbele ya mwajiri kabla hajarudi kwenye kamati, awe na zabuni au asiwe nayo.

Kuna mtu mmoja ambaye barua yako nzima haijamgusa, naye ni mwajiri. Unadhani menejimenti haijui kampuni ya kantini ni ya nani? Zabuni inafutwa kwa barua ya mistari mitatu. Kaka analijua hilo, na anajua kwamba wao wanajua. Bahasha ya nini tena? Mezani kila mtu anatabasamu, na kipengele kinajiondoa chenyewe. Ndiyo maana mkataba namba 98 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, ambao nchi yetu iliuridhia 1962, unamkataza mwajiri kukifadhili chama cha wafanyakazi kwa fedha au kwa njia nyingine ili kikae mkononi mwake. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka chama kiwe huru, kisiwe chini ya mwajiri yeyote, ndipo kisajiliwe. Sheria hiyo hiyo inamzuia mtu wa menejimenti ya juu kujiunga na chama kinachowawakilisha wafanyakazi wa chini yake.

Ila ya mke mwenye zabuni haimo. Wala usitafute kwenye Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995, ile inayowafanya mawaziri na wabunge wajaze tamko la mali na madeni. Mwenyekiti wa tawi kwenye kiwanda cha mtu binafsi hajatajwa humo. Pengo hilo linazibwa na katiba ya chama chenu, kama walioiandika walilifikiria. Wengi hawakulifikiria. Itafute katiba, uisome mwenyewe sehemu ya maadili na sifa za viongozi, usisomewe na mtu.

Marekani waliliziba kwa sheria tangu 1959. Kule kiongozi wa chama cha wafanyakazi mwenye maslahi kwenye biashara inayouza kitu kwa mwajiri anatakiwa kupeleka taarifa Wizara ya Kazi, na sheria imetaja mpaka mke au mume na watoto wadogo. Karatasi peke yake haikutosha, lakini. Chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, kilikuwa na kituo cha mafunzo kilichoendeshwa kwa pamoja na kampuni ya Fiat Chrysler. Kupitia kituo hicho bosi wa kampuni aliyesimamia mahusiano na wafanyakazi, Alphons Iacobelli, alikuwa akiwapitishia viongozi wa chama fedha na zawadi. Makamu wa rais wa chama, General Holiefield (General ni jina lake, si cheo), alilipiwa mpaka mkopo wa nyumba, na kampuni ya mke wake ilikuwa mojawapo ya mifereji ya fedha hizo. Iacobelli alikiri makosa 2018. Mwaka 2021 kampuni yenyewe ikakiri na kupigwa faini ya dola milioni 30. Muda wote huo wanachama walikuwa wakipiga kura kupitisha mikataba iliyojadiliwa na watu hao, bila kujua nani amekaa upande gani wa meza.

Sisemi Kaka ni Holiefield. Nasema njia ya kupitia biashara ya mke haikuanzia Morogoro.

Na kwetu nyumbani tumewahi kuishi na jambo kubwa kuliko hilo, tena mchana kweupe. Mwaka 1964, baada ya maasi ya jeshi ya Januari, shirikisho la vyama vya wafanyakazi la TFL lilivunjwa ikaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote. Katibu Mkuu wake, Michael Kamaliza, wakati huo huo alikuwa Waziri wa Kazi. Mfanyakazi mwenye malalamiko juu ya sera ya mishahara ya serikali aliyapeleka kwa Katibu Mkuu, naye Katibu Mkuu akayapeleka kwa Waziri bila kuinuka kitini. Mazoea yale bado yako kwenye damu yetu. Mpaka leo kiongozi wa chama anayepatana na wakubwa tunamwita mtu mwenye busara, na hatumuulizi anapatana nao kwa kitu gani.

Sasa kazi yako.

Kwanza hakikisha. Maneno ya kikao cha harusi hayabebi jambo hili. Kampuni imesajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, na mtu yeyote anaweza kuomba taarifa zake kwa ada. Utaona wakurugenzi na wenye hisa. Ikiwa ni jina la biashara tu, nalo limesajiliwa huko huko kwa jina la mmiliki. Ukikuta jina ni la shemeji au la mtoto badala ya mke, chukua karatasi hiyo hiyo.

Kisha mwone Kaka. Usimwone peke yako, na usimfuate nyumbani. Mkewe atakukaribisha vizuri, utakunywa juisi, utaaga bila kusema kilichokupeleka. Mchukue mmoja wa wenzako watatu wa timu, mkae ofisi ya tawi baada ya zamu. Mwambieni mnachokijua, mwonyesheni karatasi, na mumwombe aseme mwenyewe mbele ya kamati kabla ya kikao na menejimenti, kisha kipengele cha chakula kikifika atoke, kiongozwe na mwingine. Uenyekiti abaki nao. Mtu aliyewahangaikia wenzenu CMA anastahili kupewa nafasi ya kulitoa jambo hili kwa mdomo wake. Huenda akakasirika siku hiyo na kesho yake akakubali. Wako wa namna hiyo.

Halafu linakuja lililo gumu, nalo linakuhusu wewe.

Barua yako imemweka mdogo wako mwishoni, kama nyongeza. Mimi nimelisoma hilo kwanza. Wewe uko kwenye timu ya majadiliano, ndugu yako wa damu analipwa na kantini, na kazi hiyo uliiomba wewe. Posho ikipita, anakosa kazi. Ukikipigania kipengele cha saba, mtu atasema unajitoa mhanga. Ukilegea, atasema unamlinda mdogo wako. Uko mahali pale pale alipo Kaka, isipokuwa wewe hukujua, na sasa unajua. Kwa hiyo kwenye kamati anza na lako. Sema hivi, kwa maneno yako:

"Ndugu Mwenyekiti, kabla hatujaingia kwenye ajenda naomba iandikwe kwenye muhtasari kwamba mdogo wangu ameajiriwa na kampuni ya kantini, na nafasi hiyo nilimwombea mimi. Kipengele cha chakula kikijadiliwa nitatoka nje. Naomba na wajumbe wengine, mwenye ndugu au biashara inayogusana na mwajiri aseme, tuandike."

Ukishasema hivyo hakuna atakayekuita mzushi, kwa sababu wa kwanza kuumia ni wewe. Na usishangae yakitoka mengine ambayo hukuyatafuta: mmoja ana binti anayefanya mafunzo ofisi ya rasilimali watu, mwingine anauzia kiwanda magunia. Yaandikeni yote. Gharama yake kwako ni kwamba kipengele unachokipenda kuliko vyote utakisikilizia mlangoni. Watabaki watu watatu, nao wanazo karatasi za maoni ya idara. Wanatosha.

Kuhusu uenyekiti, kama utagombea waambie wenzako wa kamati sasa hivi. Kutaka cheo hakuna ubaya. Kikijulikana baada ya jambo hili kulipuka ndipo kitakuwa na ubaya.

Kaka akikataa, msisubiri. Pale chama kinapotambuliwa kuwa ndicho pekee kinachojadiliana na mwajiri, mkataba wa hali bora ukisainiwa unawabana wote walio kwenye kundi linalowakilishwa, hata wasio wanachama. Kuuvunja baadaye ni kazi kubwa kuliko kuuchelewesha. Ninyi wanne mwandike barua kwa katibu wa chama wa wilaya au mkoa, muambatanishe karatasi ya BRELA, rasimu yenye kipengele cha saba na muhtasari, mkiomba timu ibadilishwe kabla ya kikao kijacho. Mtu apokee na kugonga muhuri kwenye nakala yenu. Juu ya hapo yupo Msajili wa vyama vya wafanyakazi, na juu yake Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi: kifungu cha 53 cha sheria ile ya 2004 kinamruhusu mwanachama kwenda huko chama kikikiuka katiba yake chenyewe. Mahakama itakuuliza kwanza kama ulimaliza njia za ndani, ndiyo maana nasisitiza muhuri. Na itakuuliza ni ibara ipi ya katiba iliyovunjwa. Ndiyo maana nimesema usome.

Takukuru bado. Ukipata dalili kwamba zabuni ilitolewa ili dai liachwe, hapo ni rushwa, na sheria ya kuzuia rushwa ya 2007 haiishii kwa watumishi wa serikali peke yao. Bila hiyo utakuwa umewapelekea jina la mtu na ndoa yake. WhatsApp usiguse kabisa. Grupu la tawi lina masikio ya menejimenti ndani yake, ujumbe wako utafika kwa meneja kabla hujafika kwa zamu ya usiku, na kuanzia hapo watu watajadili ndoa ya Kaka, wala hakuna atakayekumbuka posho.

Umeuliza kama kunyamaza kutakufanya nawe uwe na kosa. Siku utakayokaa mezani unayajua yote mawili, la mkewe na la mdogo wako, ukatia saini, ndiyo.

Kazi yako wewe mwenyewe ina ulinzi. Kumfukuza mtu kwa sababu ya shughuli halali za chama si sababu halali ya kuachisha kazi, na una siku 30 za kufungua shauri CMA. Kwa mdogo wako sina habari njema. Masharti ya sheria yanayozuia kuachishwa kazi isivyo haki hayamhusu mtu ambaye hajafikisha miezi sita kwa mwajiri huyo huyo. Yeye ana minne. Mke wa Kaka akimwambia kesho asirudi, atalipwa siku alizofanya kazi na stahili zake za notisi, basi, CMA haitamrudisha.

Najua utafikiria kusubiri hiyo miezi miwili. Majadiliano hayatakusubiri, na mkataba utakuwa umesainiwa. Lakini uamuzi huu usiufanye juu ya kichwa chake. Ni mtu mzima. Kaa naye wiki hii, kabla hujamwona Kaka, umweleze yote, hata hilo la miezi sita. Mwambie ahakikishe ana mkataba wa maandishi, hati za malipo na namba ya NSSF, na aanze kuulizia kazi kwingine angali ana hii. Akikulaumu, mwache akulaumu. Akisema ataondoka mwenyewe ili usifungwe mikono, usimharakishe: bado utatakiwa kulisema kwenye kikao, maana aliajiriwa kwa ombi lako, na hilo halifutiki kwa yeye kuacha kazi.